Uzi uliotupatanisha mimi na dada yangu juu ya The Rings of Power

Kwa karibu miaka miwili, mimi na dada yangu hatukuweza kuitaja The Rings of Power, tamthilia ya Amazon iliyotokana na hadithi za Tolkien, bila mmoja wetu kuinuka na kutoka chumbani. Leo tunaitazama pamoja, tunaizungumza mpaka usiku wa manane, na bado hatukubaliani. Naandika jinsi tulivyofika hapa kwa sababu karibu ushauri wote niliopewa njiani ulikuwa mbovu, na sipendi mwingine apoteze muda kama nilivyopoteza mimi.

Mimi nilianza na vitabu. Nilimsoma Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, kabla sijaona filamu yoyote. Dada alianza na zile filamu tatu za Peter Jackson za kitabu hicho, za 2001 hadi 2003, na kwake hiyo ndiyo Middle-earth, ule ulimwengu wa Tolkien, yenyewe. Hatukuwahi kugombana kwa hilo. Ugomvi ulikuja na tamthilia, Septemba 2022.

Kwanza ni zile fedha. Iliripotiwa kwamba Amazon walilipa kama dola milioni 250 kwa ajili ya haki za hadithi tu mwaka 2017, kisha msimu wa kwanza wa sehemu nane ukala kama milioni 465 nyingine. Nilijiambia kwamba mtu anayetoa fedha kiasi hicho hawezi kukosea tarehe. Ndivyo nilivyokaa mbele ya runinga: kitabu wazi mapajani, karatasi ndogo za rangi zimechomekwa kila ukurasa ninaoutegemea, rimoti mkononi.

Sehemu ya kwanza ina saa moja na dakika chache. Tuliianza jioni, na hadi tunakwenda kulala hatukuwa tumefika nusu. Kila dakika mbili nilisimamisha. Galadriel, yule Mwelvi, yuko peke yake na upanga, mume wake Celeborn yuko wapi? Nasimamisha, nafungua ukurasa, nasoma kwa sauti. Mbona hakuna neno kuhusu Waelvi, wale viumbe wasiozeeka, waliowaua Waelvi wenzao bandarini Alqualondë wakati wa kuondoka Valinor, nchi yao ya kale ng'ambo ya bahari? Nasimamisha tena. Dada alivumilia kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Mwishowe alininyang'anya rimoti, akazima, akaniambia, "Mdogo wangu, umekuja kutazama au umekuja kusahihisha mitihani?" Akaenda zake. Zile sehemu nane alizimaliza peke yake, nami nikazimaliza peke yangu, kila mtu na hasira zake.

Hapo ndipo washauri walipojitokeza. Rafiki yangu mmoja, msomaji mkubwa, aliniambia nirudie The Silmarillion, kitabu cha Tolkien cha visa vya zama za kale, nitoe orodha ya makosa yote, kisha nimkalishe dada nimwonyeshe. Nilifanya hivyo. Ilinichukua wiki tatu au nne, nikajaza kurasa kumi na kitu kwa mkono wangu. Nilijivunia orodha ile. Mauaji ya Alqualondë yalikuwa namba moja, na kiapo cha Fëanor, Mwelvi aliyeyaongoza, kilifuata.

Dada aliipokea, akaisoma yote, hakuruka mstari. Baada ya siku mbili akanirudishia akiwa ameweka alama ya kalamu pembeni ya zaidi ya nusu ya makosa yangu. Akaniuliza swali moja tu: haya yametoka kitabu gani? Nikamjibu kwa kujiamini, The Silmarillion. Akasema, "Hicho hawakukinunua."

Alikuwa sahihi. Watayarishaji wenyewe, J.D. Payne na Patrick McKay, walisema wazi kabla ya tamthilia kutoka kwamba haki walizokuwa nazo ni za The Lord of the Rings pamoja na viambatisho vyake, zile kurasa za nyongeza mwishoni, na The Hobbit. The Silmarillion, kilichotoka mwaka 1977 baada ya Tolkien kufariki, hakikuwamo. Maana yake ni kwamba nilikuwa nawashtaki watu kwa kutosimulia kisa ambacho hawakuwa na ruhusa ya kukisimulia. Nilimwomba dada radhi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ukitaka kubishana juu ya tamthilia hii, anza kwa kujua ni kitabu kipi kilikuwa mezani kwao. Bila hivyo utampiga mtu kwa fimbo isiyo yake.

Ushauri wa pili, huu nilipewa na wengi, ulikuwa "achana nayo, ni tamthilia tu." Huu uliniudhi kuliko wa kwanza. Mtu aliyebeba hadithi moja moyoni tangu ujana humwambii ni kitu cha hivi hivi. Dada naye, ambaye alikuwa upande wa pili kabisa, uliudhi masikio yake vilevile. Hilo lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana.

Jambo la pili lilikuwa matusi. Kulikuwa na watu waliowatukana waigizaji kwa rangi ya ngozi zao na kujidai wanamtetea Tolkien. Dada aliniuliza kama na mimi nimo, nikaumia kuulizwa. Nilimfungulia Utangulizi wa The Lord of the Rings, mahali panapoelezwa makabila matatu ya Wahobiti, wale watu wadogo, nikamwonyesha kwamba Harfoot ndio walioandikwa kuwa na ngozi ya kahawia zaidi kuliko wenzao. Imo kurasa za mwanzo kabisa. Anayemtetea Tolkien asianze kwa kutomsoma.

Ndevu za Disa, mke wa Durin, mwana wa mfalme wa Wadwafu, ni mjadala mwingine, na huo nauheshimu. Kiambatisho A kinasema wanawake wa Wadwafu wanafanana na wanaume wao kwa sauti na sura hata watu wa mataifa mengine hawawezi kuwatofautisha. Tamthilia haikufuata hilo. Lakini siwezi kusema liliniharibia chochote, kwa sababu Disa anapoimba akiusikiliza mlima, naamini kabisa kwamba huyu ni Mdwafu.

Dada naye alikuwa na silaha yake, na ilinikata. "Wewe ulilia kwenye filamu Arwen, yule binti Mwelvi, alipombeba Frodo, Mhobiti mwenye ile Pete, hadi mtoni. Kwenye kitabu ni nani?" Ni Glorfindel, Mwelvi mwingine, na pale kivukoni Frodo anavuka peke yake juu ya farasi wa Glorfindel. Kweli nililia. Tena Jackson alimwacha mhusika Tom Bombadil mzima mzima, akaacha na ule mwisho ambapo Wahobiti wanarudi nyumbani na kukuta nchi yao imeharibiwa. Nilikaa na swali hilo wiki nzima: kwa nini mabadiliko yale niliyameza, na haya yananikwama kooni?

Jibu nililipata kwenye Kiambatisho B. Ni orodha ya miaka tu. Zama za Pili, ambazo ndizo tamthilia inasimulia, miaka 3441, zimewekwa kwenye kurasa chache mno, mstari mmoja kwa kila tukio, na kati ya mstari na mstari mara nyingine zinapita karne nzima nzima. Hiyo ndiyo mifupa waliyopewa watayarishaji waivishe nyama. Nilitaka dada auone ule urefu, asiusikie kwa maneno. Maneno tulikuwa tumeyamaliza.

Nilichukua uzi wa kufumia. Mwaka mmoja, milimita moja. Zama za Pili zikawa mita tatu na sentimita arobaini na nne, na milimita moja juu. Niliutandaza sakafuni, rula pembeni, nikaanza kufunga mafundo. Mwaka wa 32, watu wanafika Númenor, kisiwa chao. Fundo hilo liko karibu mno na ncha, vidole vyangu vilipata taabu. Mwaka wa 442, Elros, mfalme wake wa kwanza, anakufa. Mwaka wa 1000 hivi, Sauron, adui mkuu, anachagua Mordor iwe nchi yake. Mwaka wa 1590, Pete Tatu za Waelvi zinakamilika. Sentimita moja mbele, 1600, Sauron anaitengeneza ile Pete Moja. Mwaka wa 1697, Eregion, nchi ya Waelvi wahunzi, inaangamia na Celebrimbor aliyezitengeneza zile Pete Tatu anakufa. Kisha uzi unakwenda, unakwenda, mpaka 3255, Ar-Pharazôn anapojitwalia fimbo ya kifalme ya Númenor. 3262, Sauron anapelekwa Númenor mateka. 3319, Númenor inazama. 3320, Elendil, aliyeokoka kuzama huko, na wanawe wanaanzisha falme zao. 3441, Sauron anaangushwa.

Nikaukaza ukutani kati ya misumari miwili, nikamwita dada. Sikusema kitu. Alitembea kutoka ncha moja hadi nyingine akisoma vikaratasi nilivyobandika chini ya kila fundo. Alipofika kwenye Pete Tatu akaniuliza, "Na Isildur yuko wapi?" Ni mwana wa Elendil, nikamwonyesha 3320, kule karibu na kona. Tamthilia ilikuwa imewaweka Elendil na Isildur, watu wazima, wakiishi wakati uleule Pete Tatu zinatengenezwa. Nikamwambia aweke kiganja chake kwenye uzi. Upana wa kiganja ni sentimita nane hivi. Ndiyo miaka themanini, maisha ya mtu aliyebahatika kuzeeka. Akaanza kuhesabu, kiganja baada ya kiganja, kutoka Pete hadi Isildur. Alifika ishirini na moja, na nafasi ikabaki.

Alirudi peke yake kwenye fundo la 442 akalishika. "Huyu ni ndugu yake Elrond?" Ndiye, nikamwambia, pacha wake. Walipewa kuchagua, Elrond akachagua kuwa Mwelvi, Elros akachagua kuwa binadamu, akapewa umri mrefu kuliko watu wengine, lakini akafa. Kisha nikapitisha kidole kwenye uzi wote uliobaki, mita tatu kasoro kidogo. Elrond aliishi urefu wote huu. Watoto wa ndugu yake, wajukuu, vilembwe, mfalme baada ya mfalme, wote walizaliwa na kufa yeye akiwapo. Watu wa Númenor wanaanza kuwaonea Waelvi wivu kwa sababu wamewatazama wasizeeke kwa karne nyingi. Ar-Pharazôn anapoamua kuishambulia Valinor ni mzee anayeogopa kufa. Wivu ule hauzaliwi katika msimu mmoja. Ukikunja uzi ukaufanya donge, mafundo yote bado yamo, ila ule uwazi katikati yake umepotea, na uwazi ndio ulioifanya Númenor iogope.

Hilo ndilo lililokuwa limenikwama. Jackson alitoa watu na visa, lakini ile safari ya Frodo ilibaki na urefu wake. Hapa aliyetolewa ni muda wenyewe.

Dada alinyamaza kidogo, kisha akasema kitu ambacho bado nakifikiria. Akasema mtazamaji hawezi kuwapenda watu wanaokufa kila baada ya sehemu mbili. Durin na Elrond walimliza kwa sababu aliwaona wakigombana na kupatana. Kama wangefuata uzi wangu, Durin angezikwa kabla hajamzoea. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri. Nililoweza kumwambia ni kwamba Durin ni Durin hata kwangu. Urafiki wao ndio kitu bora zaidi walichokibuni.

Msimu wa pili ulipotoka Agosti 2024 tulikaa pamoja, uzi ukiwa ukutani nyuma yetu. Sheria yetu ilikuwa moja: hakuna kusimamisha. Mwenye neno aandike dakika kwenye karatasi, tutayazungumza mwisho. Fanyeni hivyo, nusu ya niliyoyaandika niliyafuta mwenyewe kabla ya sehemu kwisha. Na kila sehemu kabla ya kuanza tulisoma mistari mitano sita ya Kiambatisho B kwa sauti, zamu kwa zamu. Haichukui hata dakika tatu.

Eregion ilipoanguka na Celebrimbor kufa, ni dada aliyegeuka kwanza kuutazama uzi. Katika msimu uleule Pharazôn alikuwa ameshakalia kiti. "Mita moja na nusu," akasema kwa sauti ndogo, na niliona imemuuma. Mimi nami niliumwa na kifo cha Celebrimbor, kilivyoigizwa, kuliko nilivyowahi kuumwa nikikisoma, nikamwambia hivyo bila kuficha. Na mwishoni yule Mgeni, mtu asiyejulikana aliyeonekana tangu msimu wa kwanza, alipoitwa Gandalf, jina la mchawi wa The Lord of the Rings, tuliinuka wote wawili. Kiambatisho kinasema wachawi walifika Zama za Tatu zikiwa na miaka kama elfu moja. Tulipima kutoka ncha ya uzi: mita moja zaidi. Ukuta uliisha, kipimo kikatutoa nje ya mlango.

Uzi sasa uko kwake. Aliuomba, akafunga mafundo yake mwenyewe ya uzi mwekundu pale tamthilia ilipoyaweka matukio, na yote yamesongamana kwenye sehemu isiyofika upana wa kidole. Ilipotangazwa kwamba msimu wa tatu utaruka miaka kadhaa mbele, hadi katikati ya vita vya Waelvi na Sauron, alinitumia ujumbe asubuhi na mapema kabla sijaamka.

"Mdogo wangu, miaka kadhaa ni milimita ngapi? Nimeshika uzi hapa."

Nikaamka, nikatafuta rula.