Siku moja na binti anayesikiliza saa

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Mkono mdogo umenigusa shavu. "Mama, saa ya jikoni imebaki nyuma dakika mbili." Hajanisalimu, hajaomba maji. Ameamka, ameiangalia saa ya jikoni, ameilinganisha na ya sebuleni, ndipo akanijia. Ana miaka mitano, na tangu atimize mitatu mapenzi yake yote yako kwenye saa: za ukutani, za mkononi, za kengele, zinazotembea na zilizokufa. Namjibu, "Asante mwanangu, tutairekebisha leo usiku ukishaoga." Lazima niseme ni lini, na lazima nitimize. Nikisema "baadaye" ataniuliza baadaye ni saa ngapi, na ana haki ya kuuliza.

Saa kumi na mbili na nusu. Zamani hapa ndipo tulipogombana kila siku: viatu mikononi, macho ukutani, mimi napaza sauti. Siku hizi nasema tu, "Mshale mrefu ukifika kwenye tisa, viatu viwe miguuni," naye anavaa. Laiti ningelijua mapema. Mwaka mzima nilipoteza nikijaribu kumtoa kwenye saa ili anisikie, kumbe angenisikia vizuri zaidi humo humo.

Saa moja kamili tunatoka. Ilikuwa hapa mlangoni, wiki iliyopita, aliponiuliza: "Mama, mshale mdogo uko kwenye saba, wewe unasema saa moja. Kwa nini unasoma namba ya ng'ambo?" Nilisimama na ufunguo mkononi. Maisha yangu yote nimesoma saa bila kuona kwamba tunachokitamka kiko daima kwenye namba inayotazamana na mshale mdogo. Nilimweleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na aliyepanga namba zile alianza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo tumepishana saa sita, nusu ya duara kamili. Tangu siku hiyo anasoma kwa kidole: kwanza kwenye mshale, halafu anavuka hadi upande wa pili. Leo amemfundisha kaka yake. Kaka ana miaka tisa, hakuhitaji kufundishwa, lakini alinyamaza akamwacha amalize.

Saa mbili nimeketi kwenye cherehani. Nina gauni la mteja la kesho, limebaki zipu na upindo. Hizi ndizo saa zangu za kufikiri. Kuna jambo ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini: hivi mtoto huyu ni mzima? Tulimwona daktari. Alituambia kwamba mapenzi makali ya kitu kimoja yamo kati ya dalili za usonji (autism), lakini peke yake hayatoshi kuuthibitisha. Alituuliza mengine: akiitwa anaitika? Anakuonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukione? Anacheza michezo ya kujifanya? Mabadiliko madogo anayapokeaje? Akasema tuendelee kumfuatilia. Baadaye nikasoma kwamba mtafiti wa Marekani, Judy DeLoache, na wenzake walichapisha mwaka 2007 matokeo ya kuwahoji wazazi: karibu theluthi moja ya watoto wadogo huwa na mapenzi makali ya namna hii, wavulana zaidi kuliko wasichana. Sikuacha kumfuatilia, ila usingizi ulirudi.

Saa nne kasorobo, simu kutoka shuleni. Binti amelia tangu asubuhi, amekataa kuimba na wenzake. Nimefika nikamkuta ameketi chini ya saa ya darasa, uso umevimba. Saa ilikuwa imesimama. Betri imekwisha, na mwalimu akamwambia si neno, ataizoea. Kwa watu wazima ni kweli si neno. Kwake, kitu anachokiamini kuliko vyote kilikuwa ukutani kikisema uongo, na kila mtu aliendelea na nyimbo. Nilichuchumaa nikamwambia, "Umeona kweli. Saa hii imesimama." Kilio kilipungua hapo hapo, kabla sijafanya lolote. Kisha nikamwomba mwalimu tuishushe mpaka betri ipatikane. Tuliishusha, tukaigeuza uso chini juu ya kabati, naye akaenda kuimba. Niliumia kwamba imechukua saa nzima na zaidi kabla mtu hajamuuliza analilia nini.

Saa sita na nusu nimemchukua. Njia nzima hakusema kitu.

Saa nane. Zipu imekaa, upindo bado. Amesimama kando ya meza ya kukatia, anaomba uzi. Nimejua gauni litasubiri. Tumefunga funguo kwenye uzi mweusi, tukauning'iniza juu mlangoni na kupima kwa futi yangu ya kushonea: sentimita 99 kutoka fundo hadi katikati ya funguo. Uzi wa urefu huo ukiachiwa unavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa sekunde moja. Tumehesabu mivuko kwa kufuata mshale wa sekunde, tumepata 60 kwa dakika. Ameniangalia kana kwamba nimemfungulia sanduku. Tumeongeza funguo nyingine: bado 60. Uzito haubadilishi kitu. Tumefupisha uzi ukabaki robo ya urefu wake, funguo zikaenda mbio mara mbili. "Nani alitengeneza saa ya hivi kwanza?" Nikamwambia kuna Mholanzi, Christiaan Huygens, aliyebuni saa ya pendulamu, yaani yenye uzito unaobembea kama funguo zetu, mwaka 1656. Ameuliza kama alikuwa na mama. Nimemjibu kwamba kila mtu ana mama.

Tumerudia mpaka saa kumi. Sisemi kwamba sikuchoka. Baada ya mara ya thelathini mwili unachoka, na huwa namwambia: "Mama amechoka na saa, mpaka mshale ufike sita sitajibu." Simdanganyi kwamba nasikiliza wakati sisikilizi, anajua tofauti.

Saa moja usiku, mezani. Jambo linalonikosesha raha kuliko mengine ni kaka yake. Mwezi uliopita aliniambia, "Mama, na mimi nina habari, lakini hapa ni saa, saa, saa." Alikuwa amesema kweli. Ndipo tukaweka dakika kumi za kaka kila usiku, na mdogo wake ndiye mlinzi wa muda. Huwa anazilinda kwa uaminifu akiutazama ukuta tu, maneno ya kaka hayamwingii. Leo kaka alisimulia mechi yao, jinsi walivyosawazisha mwishoni. Katikati ya hadithi binti akageuka kutoka ukutani, akamtazama usoni: "Mlibakiwa na dakika ngapi?" Kaka akamjibu, "Mbili." "Mkaweza?" "Tukaweza." Dakika kumi zilipita, hakuna aliyetangaza.

Saa mbili na nusu tumesogeza mshale wa jikoni dakika mbili mbele, yeye juu ya kiti, mimi nimemshika kiuno. Kitandani ametaka hadithi yake ile ile: mnara wa London wenye kengele iitwayo Big Ben, ambako mafundi huweka sarafu za zamani juu ya pendulamu. Sarafu moja ikiongezwa, saa inakwenda mbele karibu sekunde 0.4 kwa siku. Miezi yote sikuwahi kumweleza kwa nini. Leo nilimwambia sarafu inainua katikati ya uzito juu kidogo, ni kama... akanikatiza gizani: "Ni kama wamefupisha uzi."

Saa nne nimerudi kwenye upindo. Uzi mweusi uliobaki kwenye bobini haukutosha, na ule mwingine bado unaning'inia mlangoni na funguo zake. Nimetumia wa bluu iliyokoza. Kwa ndani hauonekani.