Max, Joshua na wale watoto wenye namba shingoni

Kuna kipande kimoja cha Dark Angel, tamthilia ya Kimarekani, nimekiangalia sijui mara ngapi na mpaka leo koo linanikaba. Watoto wamenyolewa vipara, peku, wanakimbia usiku kwenye theluji kule Wyoming Marekani, nyuma wanajeshi wanakuja. Watoto hawa wametengenezwa maabara, vinasaba vyao vimechezewa vikachanganywa na vya wanyama ili waje kuwa askari, na waliofanikiwa kutoka usiku ule ni 12 tu. Unajua kilichowakimbiza? Wenzao walikuwa wanapatwa na degedege, wanachukuliwa, hawarudi tena. Siku ikamfikia Max, wenzake wakagoma kumtoa. Hakuna aliyewafundisha kwamba wao ni ndugu, walikubaliana wenyewe tu.

Alafu kuna hili la majina. Kule maabara Max ni X5-452, basi, hana jina lingine. Wale watoto wakapeana majina wao kwa wao, Zack, Tinga, Ben, Brin, na kwangu mimi hapo ndo walipotoroka kweli, kabla hata ya ile theluji. Mi nimesoma bweni miaka minne, mwalimu wa zamu alikuwa anatuita kwa namba, mia mbili kumi na saba! unaitika, namba ipo kwenye ndoo, kwenye godoro, kwenye shuka, na usiku taa zikizimwa ndo tunaanza kuitana yale majina tuliyopeana wenyewe bwenini, na mpaka leo tukikutana mjini tunaitana hivyohivyo. Kwahiyo mtu akiniambia hii ni muvi ya ngumi na pikipiki namwambia kaa chini uangalie vizuri.

Max akiwa mtu mzima (anaigizwa na Jessica Alba) anaishi Seattle, Marekani imeshafilisika baada ya mlipuko kuua kompyuta zote, yeye anasambaza vifurushi kwa baiskeli. Nyuma ya shingo ana ile mistari ya bakodi, kama ya kwenye paketi ya biskuti. Anaifuta kwa leza, baada ya muda inarudi yenyewe kwasababu imeandikwa kwenye vinasaba. Kila siku anaificha na nywele, kila siku anaogopa upepo.

Ila anayeniumiza zaidi ni Joshua. Yeye ndo wa kwanza kutengenezwa kabisa, ana uso wa mbwa, hana hata bakodi, na hawezi kutoka mchana kama anavyotoka Max. Anakaa ndani ya nyumba ya yule mzee aliyemtengeneza, anamuita baba, anasoma vitabu vyake na anachora. Picha zake zinapendwa na zinanunuliwa na watu ambao wakimuona mwenyewe watapiga mayowe. Akapata rafiki, msichana asiyeona, anaitwa Annie, huyo hakujali uso. Annie akauawa. Hapo huwa nasimamisha natoka nje kidogo.

Tamthilia ilianza Oktoba 2000, na Juni ya mwaka huohuo Clinton alikuwa ametangaza Ikulu ya Marekani kwamba rasimu ya vinasaba vyote vya binadamu imepatikana. Kondoo Dolly alikuwa ameshazaliwa Scotland tangu 1996. Watu walikuwa na hofu, ila ilikuwa hofu ya mbali. Sasa 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, akatangaza wamezaliwa mapacha wa kike aliowabadilisha vinasaba wakiwa viini tete ili wasipate Ukimwi, na mwaka uliofuata akafungwa miaka mitatu. Dunia nzima ikamjadili yeye. Wale watoto wanajulikana kwa majina ya kuficha, Lulu na Nana. Lulu! Jina ambalo mtaani kwangu ukiliita wanageuka watatu. Hao sio wa kwenye muvi, ni watoto wa watu, wana umri wa kwenda shule, na mi nawawaza sana, siku watakayoelezwa wataelezwa na nani, kwa maneno gani, na je wataachwa wakae na majina yao ya nyumbani tu wacheze kama wengine.

Kwenye sehemu ya mwisho, 2002, wale waliotengenezwa maabara wanajikusanya kwenye eneo la sumu ambalo binadamu wa kawaida hawezi kukaa, polisi wamezunguka. Joshua anatengeneza bendera. Chini nyeusi yenye bakodi, ndiko walikotoka, gizani. Katikati nyekundu, damu yao inayomwagika sasa. Juu nyeupe, mwanga, wanakotaka kwenda. Wanaipandisha juu ya paa wamesimama wote, wenye sura nzuri na wenye sura kama ya Joshua, na kuna mama mmoja ametoka kujifungua siku hiyohiyo kabinti, na huyo kabinti hakuzaliwa maabara.

Tamthilia ikakatwa hapohapo. Miaka yote hii bado natamani kujua yule mtoto walimlea vipi.