Tumebishana hadi usiku wa manane

Jana gumzo letu la drafti ya NBA, pale timu za ligi ya kikapu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, liliwaka moto. Wenzangu wanang'ang'ania yule pointi gadi (mchezaji anayeongoza mashambulizi) mwenye kasi, anayeruka juu na kudanki, yaani kuutumbukiza mpira kwenye kikapu kwa mkono. Mimi naangalia kitu kingine: akishawekewa skrini, yaani mwenzake akisimama kumzuia beki wake, na mabeki wawili wakamvamia, macho yake yanakwenda wapi? Anayemwona mwenzake kwenye kona ya mbali na kumpigia pasi ya mkono mmoja kabla beki hajageuka, huyo ndiye wangu. Urefu wake wala haunisumbui.

Jamani, mifano ipo! Mwaka 2009 Minnesota walikuwa na chaguo la 5 na la 6, wakachukua pointi gadi wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn. La 7, Golden State wakamchukua Stephen Curry, pointi gadi aliyekuja kuwa nyota kuwazidi wote wawili. Tony Parker alisubiri hadi la 28 mwaka 2001, akaja kubeba ubingwa mara 4 na San Antonio. Na Jalen Brunson, pointi gadi mwingine aliyekuja kuwa nyota, je? La 33, mwaka 2018!

Leo usiku tunaendelea. Nimewaambia kila mtu alete video za robo ya nne, za kudanki tumeshaziona za kutosha.