Mchungwa na meno ya shangazi

Maneno aliyoyasema shangazi siku ya Ijumaa bado yananizunguka kichwani, ingawa wiki hii imekuwa na mambo makubwa kuliko hayo: posa ya Mwanaidi imejibiwa, barua ya uhamisho wa baba Idi kwenda Handeni imefika, na karo jipya la maji machafu limekwisha kujengwa na kufunikwa. Hayo yote nimeyapokea na kuyaweka mahali pake. Lile moja limekataa kutulia.

Alifika kutoka Muheza baada ya swala ya Ijumaa, tukamwamkia, akaketi barazani, kisha akanyanyuka kwenda kuutazama mchungwa tuliouhamishia upande wa ukuta. "Kwani huu bado hamjaung'oa?" akauliza. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, "Majani yanadondoka, shangazi, na kudondoka kwake ni dalili njema." Akanitazama kidogo, akasema, "Basi hata meno yangu ni dalili njema." Baraza zima likaangua kicheko. Baba Idi alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na Mwanaidi, ambaye amekuwa amenuna kwa ajili ya posa hiyohiyo, naye akacheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa haipendezi kubaki na uso mkavu peke yako wakati wengine wanafurahi, lakini tangu usiku ule nimekuwa nikimjibu shangazi ninapofua, ninaposahihisha madaftari na ninapongoja daladala, na kila mara jibu langu linakuwa refu kidogo kuliko la awali. Acha nilitoe hapa, mahali ambapo hakuna wa kunikatiza.

Mnaofuatilia mambo ya nyumba hii mnajua mti huu ulivyohamishwa. Karo halikuwa na mahali pengine pa kukaa, na vibarua walioambiwa wanisubiri hawakunisubiri. Niliporudi kutoka shuleni, sururu ilikuwa imekwisha kupita upande wote wa jikoni, na mizizi ya upande huo ilikuwa imelala juu ya kifusi ikikauka. Mizizi minene iliyosalia ilitosha kuusimamisha mti, lakini si hiyo inayounywesha. Maji huingia kupitia vinyweleo vidogo vilivyo karibu na ncha za mizizi myembamba, na ncha hizo ndizo zilizobaki katika udongo uliotupwa. Majani ya juu hayana habari ya msiba huo. Yanaendelea kupoteza maji kupitia vitundu vyake, hasa katika jua hili la msimu wa kaskazi, kana kwamba chini hapajatokea lolote. Ndiyo maana mti unanyauka mchana ilhali udongo wake una unyevu, na ndiyo maana kila apitaye akiuona umelegea hutamani kuumwagia ndoo nzima. Maji yakizidi hujaza nafasi za hewa udongoni, na mzizi wenye jeraha ukikosa hewa huoza. Kwa hiyo nimepiga marufuku huruma ya ndoo. Kidole changu huingia udongoni kwanza, mpaka pingili ya pili, na kikitoka na unyevu, ndoo hurudi jikoni ikiwa imejaa.

Sasa jibu lenyewe. Tawi lililokufa ghafla haliangushi majani yake. Kudondosha jani ni kazi, na kazi hufanywa na kilicho hai: pale kikonyo kinaposhikana na tawi, mti hutengeneza tabaka jembamba la seli zinazoachana, jani likajitenga na kuanguka lenyewe. Tawi ambalo limekwisha kufa halina uwezo huo, hivyo majani yake hukaukia palepale, yakageuka kahawia na kuning'inia hata upepo ukivuma. Majani ninayoyafagia kila asubuhi yanatoka kwa mti unaopunguza matumizi ili yalingane na kipato cha mizizi michache iliyobaki, kama nyumba ambayo mshahara mmoja umekatika. Meno ya shangazi hayatengenezi tabaka lolote. Yanatoka kwa uzee na kwa kashata. Hilo ndilo jibu ambalo adabu ingenizuia kulitoa hata kama lingenijia kwa wakati wake.

Nilitaka pia ajue kwamba sikukaa nikiyahesabu majani tu. Mti uliingizwa shimoni kwa kina kilekile ulichokuwa nacho zamani, kovu la kubebeshea, yaani pale mti wa juu ulipounganishwa na shina la chini, likiwa juu kabisa ya udongo. Nimeufunga kwenye kigingi, kwa maana shina likiyumba, vimizizi vipya hukatika kabla havijashika. Upande wa magharibi nimeuwekea makuti ya kuukinga na jua la alasiri. Shina, ambalo sasa halina kivuli cha majani, nimelipaka chokaa ili gome lisiungue. Nyasi kavu nimezitandaza kuzunguka mti lakini nikaziacha mbali na shina, kwa kuwa gome la mchungwa likifunikwa na unyevu huoza pale chini. Samadi na mbolea ya dukani sijaigusa wala sitaigusa mpaka mti uanze kukua, kwani chumvi za mbolea huunguza mizizi michanga. Kazi iliyoniumiza zaidi ilikuwa kuyatungua machungwa machanga yote, mengine yakiwa makubwa kama gololi, ili mti usiyalishe ilhali wenyewe una njaa. Idi aliyakusanya akacheza nayo.

Jumanne alfajiri nikiwa nafagia, nikaliona chipukizi. Lilikuwa la kijani kibichi, limenyooka, limetoka upande uleule uliokatwa mizizi. Nilisimama na fagio mkononi kama mtu aliyeitwa na asiyemwona anayemwita. Kisha, sifichi, nikamfikiria shangazi kabla sijamfikiria mtu mwingine yeyote. Nikalipiga picha kwa karibu na kumtumia bila kuandika neno, nikiamini kwamba picha ile ingemaliza mambo ya meno.

Akapiga simu papo hapo. Hakuitikia salamu vizuri. "Lipo juu au chini ya kovu?"

Nikainama. Lilikuwa chini.

"Vunja jani moja, ulisugue, unuse."

Nikanusa. Harufu ya limau ilikuwa kali hata sikuhitaji kumwambia. Nadhani aliisikia katika ukimya wangu. Mchungwa wetu ulibebeshwa juu ya shina la mlimau, kama miche mingi ya Muheza, na lililokuwa limeamka ni mlimau wa chini, si mchungwa wa juu. Ukiuacha, hukua haraka na kuvuta nguvu yote, na baada ya muda utakuwa na mlimau wenye miiba na kijiti kikavu katikati yake. "Libandue kwa vidole lingali changa," akasema, "usitumie kisu, kisu huacha macho ya kuchipua chini yake. Halafu kwangua gome juu, kwa ukucha tu." Nikakwangua kwenye tawi la pili. Ndani palikuwa kijani, pana maji. Nikamwambia. "Basi ngoja," akasema, akakata simu.

Nimelibandua, na kwa kweli mkono ulisita, kwa maana ndilo lililokuwa jambo pekee la kijani kuonekana tangu majani yaanze kuanguka. Lakini tangu simu ile, Ijumaa imenigeukia. Nakumbuka sasa kwamba kabla hajauliza chochote, shangazi aliinama akapitisha kidole gumba kuzunguka shina, nami nikadhani alikuwa anashika mahali pa kujiegemeza kwa sababu ya goti lake. Mwanamke aliyelea watoto kwa kuuza machungwa na miche haulizi "bado hamjaung'oa?" kwa dhihaka tu, ameona watu wengi waking'oa mti kwa sababu hauna majani, kabla hawajaukwangua. Yawezekana lilikuwa swali la kweli, na yawezekana jibu langu la dalili njema ndilo lililomchekesha, kwa namna nilivyolitoa kama niliye mbele ya darasa. Meno, hata hivyo, ulikuwa utani, na hilo simsamehei upesi.

Juu ya kovu bado hakujachomoza kitu. Kwenye tawi la pili kuna jicho moja ambalo nadhani limevimba, ingawa baba Idi anasema lilikuwa hivyo siku zote.

Idi ameanza kukohoa tena usiku. Dawa tuliyopewa zahanati imekwisha na sioni tofauti, na kesho nina vipindi mfululizo mpaka mchana, kwa hiyo sijui ni nani atakayempeleka.