Kuwatumia wafugaji SMS kwa skripti ya Linux

Wafugaji wengi wa kikundi chetu hapa Nzega, mkoani Tabora, hutumia vitochi, na hata mwenye simu janja hukosa intaneti akishaingia machungani na mifugo. Kwa hiyo tangazo la siku ya josho hatuliachii kundi la WhatsApp. Huenda kwa SMS ya kawaida, nami, nikiwa mtunza kumbukumbu, huituma kutoka kwenye kompyuta badala ya kubonyeza namba moja moja.

Vifaa ni vichache: kompyuta mpakato yenye Linux, modemu ya USB na laini yenye kifurushi cha SMS. Programu ni Gammu, ambayo hailipiwi, na katika Debian au Ubuntu husakinishwa kwa amri ya sudo apt install gammu. Amri ya gammu-config itakuuliza modemu iko kwenye mlango gani. Mara nyingi jibu ni /dev/ttyUSB0. Skripti yenyewe, yaani faili la amri zinazofuatana, ni hii:

#!/bin/bash
ujumbe=$(sed "s/’/'/g" tangazo.txt)
tr -d '\r' < namba.txt | while read -r simu; do
  printf '%s' "$ujumbe" | gammu sendsms TEXT "$simu" -autolen 400
  sleep 5
done

Faili la tangazo.txt lina ujumbe wenyewe, na la namba.txt lina namba moja kila mstari, ikianza na +255. Amri ya tr ipo kwa sababu orodha iliyoandikwa kwenye Windows huacha alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, na alama hiyo ikijishikiza kwenye namba, namba huharibika.

Mstari wa sed, unaobadili kila ritifaa iliyopinda (’) kuwa iliyonyooka ('), ndio unaookoa fedha. SMS moja hubeba baiti 140, na baiti moja ni biti 8. Herufi za alfabeti ya kawaida ya GSM, mfumo wa simu za mkononi, huchukua biti 7 kila moja, ndiyo maana zinaenea 160. Lakini ikiingia alama moja tu isiyomo katika alfabeti hiyo, ujumbe mzima hugeuzwa kuwa wa Unicode, mfumo wenye herufi za lugha zote, kila herufi ikachukua baiti 2, na nafasi zikabaki 70. Ritifaa iliyonyooka imo katika alfabeti hiyo; ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe bila kuulizwa, haimo. Sasa mwandikie mfugaji tangazo lisilo na ng'ombe kama utaweza! Tazama hili:

Josho ni Alhamisi saa 1 asubuhi. Ng'ombe wanyweshwe maji kabla ya kuingia dawani.

Lina herufi 81, yaani SMS moja yenye nafasi ya kutosha. Likiwa na ritifaa iliyopinda huwa SMS mbili kwa kila mfugaji, na kifurushi kinakwisha orodha ikiwa katikati. Wala sifupishi sehemu ya maji, kwa kuwa ng'ombe mwenye kiu akiingia joshoni anaweza kunywa dawa.

Gammu ikijibu OK, maana yake ni kwamba mtandao umeupokea ujumbe, si kwamba umemfikia mwenye simu. Anayetaka taarifa ya kufika aongeze -report.

Cron, programu ya Linux inayoendesha amri kwa ratiba, ingeweza kulituma tangazo kila Jumatano jioni bila mimi kugusa kompyuta, lakini dawa huchelewa kufika, na ujumbe ukishatoka haurudishwi. Kwa hiyo naiendesha skripti kwa mkono, baada ya mwenyekiti kunithibitishia kwamba dawa imeshafika.