Mtoto, Mbwa na Hema Moja

Saa ya kuondoka kwenda kambini aliipanga Popi, mbwa wetu. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi; jasho lake ni la kwenye nyayo tu, na joto lililobaki hulitoa kwa kutweta, ulimi nje. Barabara ikishapata moto, safari kwake huwa adha. Kwa hiyo tulitoka kungali giza, binti yetu wa miaka minne amebebwa na baba yake, blanketi na yote, akafungwa kwenye kiti chake bila kufumbua macho. Kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha kula sehemu kubwa ya njia, na hakuna aliyelia.

Mizigo tuliipakia jioni yake. Mimi hupakia nikiwaza mvua: hema na turubai juu kabisa, vigingi na nyundo karibu na mlango, maana si wakati wa kufukua mablanketi mawingu yakiwa yameshuka kichwani. Maji, jiko la gesi na kila kizito hukaa chini, kimeegemea viti. Popi alikaa nyuma pamoja na binti, amevaa mkanda wa kifuani uliochomekwa kwenye kifungio cha mkanda wa gari. Wako wanaomwacha mbwa azurure garini. Siafiki hata kidogo. Gari likifunga breki ghafla, mbwa wa kilo 20 hurushwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara nyingi, na mkanda wa shingoni nao utamnyonga badala ya kumzuia. Kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa niliiweka pamoja na vitambulisho vyetu, na namba yetu ya simu ilichongwa kwenye kibati cha ukosi wake. Mbwa aliyepotea ugenini hana njia nyingine ya kujieleza.

Tulisimama kila baada ya saa mbili au chini ya hapo, tukimwangalia binti kuliko saa. Kichefuchefu cha safarini huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 12, kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo wakati macho yanatazama kiti kilichotulia. Kitabu cha picha, ambacho nyumbani ndicho kimbilio letu, barabarani kinazidisha mambo. Tukakifungia, tukafungua dirisha kidogo, tukampa kazi ya kutafuta madaraja. Alikuwa akiyaona kwa mbali kuliko sisi, anapiga kelele, na Popi anainua kichwa kila anaposikia kelele ile. Baada ya muda Popi akawa anainua kichwa hata kabla binti hajapiga kelele. Sijui alikuwa anasoma nini usoni pake.

Njia ilipoanza kupanda milima, masikio ya binti yakaziba, akasema sauti yangu imekwenda mbali. Nikampa maji anywe kwa kijisehemu kidogo kidogo, kwa kuwa kumeza ndiko kunakofungua njia ya hewa kati ya koo na sikio. Kisha akaokota pakiti ya biskuti miguuni pake: imevimba, imekaza kama mpira. Tulikuwa tumeifunga bondeni na hewa ya bondeni bado imo ndani, ila huku juu hewa ya nje ni nyepesi, haiisukumi tena kwa nguvu ileile. Nilimweleza hivyo. Aliibonyeza kwa kidole, ikarudi, akaibonyeza tena, kilomita nyingi, hadi tukafika kileleni. Kama ningeulizwa kwa nini tunamtoa mtoto nyumbani na kumpeleka kulala chini, ningeanza na pakiti ile.

Mchana tulipita kituo cha mafuta kununua maji, na hapo tuna desturi isiyovunjwa: mmoja huingia dukani, mwingine hubaki na mtoto na mbwa, nje ya gari, kivulini. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa kasi ambayo watu hawaidhanii. Nje kukiwa na nyuzi 22 tu za selsiasi, ndani zinaweza kupita 40 katika saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea kwenye nusu saa ya kwanza. Kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii kitu cha maana. Mtoto mdogo hupata joto mwilini haraka kuliko mtu mzima, na mbwa ana ulimi wake tu. Kwa hiyo kila shughuli yetu ndogo ilichukua muda mara mbili, na iwe hivyo.

Kambi ya kwanza ilikuwa kwenye uwazi katikati ya msitu, juu mlimani. Mlinzi wa pale alikuwa mzee mtaratibu. Binti alimwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Na huyu ndugu yako anaitwaje?" Hilo la ndugu lilimfurahisha mno. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kipande cha ardhi tambarare chenye majani laini, nikamwuliza mzee kama tunaweza kusimika hema pale. Akatikisa kichwa. "Pale pazuri ndipo maji yanapolala." Akatuonyesha mahali pengine, penye mwinuko kidogo, mbali na mti mmoja uliokuwa na matawi makavu. Mwenyeji akikuonyesha maji yanapopita, msikilize.

Kazi ya vigingi ilikuwa ya binti. Alikuwa ananipa kimoja kimoja, anakishika kwa mikono miwili, na anangoja nikipigilie ndipo alete kingine. Kichwa cha kigingi huelekezwa upande ulio mbali na hema, ili kamba ikivuta isiking'oe. Hilo alilishika mara moja, na alinisahihisha kimoja nilichokiinamisha kidogo mno. Popi tulimfungia kamba ndefu kati ya miti miwili, yenye pete inayoteleza, awe na nafasi ya kutembea, kivuli na maji. Kambini hatumfungulii, hata akiwa mpole namna gani. Kuna watoto wengine, kuna mbwa wengine, na kuna wanyama wa porini ambao hawakualika mtu. Tena sehemu nyingi za hifadhi haziruhusu mbwa kabisa, kwa hiyo kila kambi tuliulizia kabla ya kuweka nafasi.

Usiku ule ndio nilioogopa zaidi, na sikuogopa wanyama. Niliogopa hofu ya mtoto. Giza la msituni halina taa ya korido wala mwanga wa dirisha la jirani. Ukizima tochi, mkono wako mwenyewe huuoni. Na kelele: nyenje, vyura, tawi linavunjika mahali fulani, kitu kinapita kwenye majani makavu. Binti alinikumbatia shingoni. "Mama, nini hicho?" Nikamwambia huenda ni panya wa msituni. "Na hicho?" Sikujua.

Baba yake akawasha tochi, akaielekeza chini, mbali na macho, pale Popi alipolala. "Tazama masikio yake." Yalikuwa yamelegea, moja limekunjika juu ya jicho. Akamweleza kwamba binadamu husikia sauti hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, lakini mbwa hufika 40,000 na zaidi. Yaani yale yote tunayoyasikia Popi anayasikia, na mengine mengi tusiyoyajua, na bado amelala. Binti akatazama muda mrefu. Kitu kikapita tena kwenye majani. Sikio moja la Popi likasimama, likageuka upande wa sauti, likatulia, likalala. "Amesema si kitu," binti akanong'ona, na akanyoosha mkono akaweka kiganja mgongoni pake.

Tangu usiku ule akawa anamsoma. Asubuhi mlinzi alipokaribia, kabla hatujamwona, binti alitangaza, "Anakuja mtu tunayemjua," kwa kuwa mkia ulikuwa unapiga ardhi. Siku nyingine akaja akasema Popi hataki kuguswa. Nikaenda kuangalia, nikakuta amefumba mdomo, anageuza kichwa pembeni na kulamba midomo. Ni dalili za mbwa aliyechoka na watu, na ni watu wazima wengi wasiozijua. Tukamwacha apumzike nyuma ya gari. Nyumbani nilikuwa nimemfundisha binti asimsogelee Popi akila au akilala, na alitii kwa kuwa nimesema. Kambini alianza kuelewa kwa nini, na tofauti hiyo niliiona kwa macho yangu.

Baridi ya milimani niliijia nimejiandaa. Kwa wastani joto hupungua nyuzi kama 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Watu hujifunika blanketi juu ya blanketi na kusahau kwamba ardhi ndiyo mwizi. Godoro la upepo tupu halisaidii sana, maana hewa iliyomo ndani huzunguka na kupeleka joto chini. Sisi tulitandika mkeka wa sponji, juu yake blanketi la sufu, ndipo tukalala. Binti alibadilishwa nguo zote kabla ya kulala, hata soksi, kwa sababu nguo ya mchana ina jasho, na jasho likipoa ni baridi tupu. Popi alikuwa na kirago chake na blanketi kuukuu lililokuwa pia linakinga sakafu ya hema na kucha zake.

Kisha mvua ikaja. Ilianza jioni na haikuacha, na ndani ya hema tulikuwa watu watatu na mbwa aliyelowa. Tulimkaushia kibarazani, taulo la kwanza kwa maji, la pili kwa matope, mguu kwa mguu. Binti ndiye aliyeshika tochi. Sehemu ya hema aliyotuonyesha mzee ilibaki kavu, na ile tambarare nzuri ikawa dimbwi. Usiku matone yakaanza kutudondokea, na mume wangu akadhani hema linavuja. Halikuwa linavuja. Zilikuwa pumzi zetu wanne, zimepanda, zimekutana na kitambaa cha baridi, zimegeuka maji. Dawa yake ni kufungua matundu ya juu hata kama mvua inanyesha. Tukafungua, baridi ikaingia kidogo, matone yakapungua.

Usiku kama huo ndio mtu hushawishika kuingiza jiko hemani, la mkaa au la gesi, mtoto apate joto. Nasema kwa moyo wangu wote: usiingize. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi hata ukiwa umeshika vizuri bila moshi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hushikamana na chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nazo. Mtu anasinzia, anadhani ni joto zuri la usingizi, na haamki. Familia nzima hufa hivyo. Mtoto akisikia baridi, mweke katikati yenu, mvishe kofia, jaza chupa maji ya moto, ifunge barabara na kuizungushia soksi, uiweke miguuni pake.

Kutoka milimani tulishuka hadi ziwani, na huko siku zilikuwa nyepesi. Binti hakukaribia maji bila jaketi la kuelea na mmoja wetu akiwa umbali wa mkono. Popi tulimnywesha maji yetu, si ya dimbwi, kwa kuwa maji yaliyotuama huweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaompata mbwa na mtu pia. Kila jioni tulifanya ukaguzi wa kupe: Popi nyuma ya masikio, chini ya ukosi na kati ya vidole, binti nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Binti alimkagua Popi kwa uzito wa daktari. Alimpata kupe mmoja chini ya ukosi, akaniita bila kumgusa. Nikamshika kwa kibano, karibu kabisa na ngozi, nikamvuta moja kwa moja bila kumsokota. Hakuna kuchoma kwa kiberiti wala kupaka mafuta.

Chakula nacho kilikuwa chini ya ulinzi. Mtoto wa miaka minne hudondosha, mbwa humeza. Chokoleti, zabibu, vitunguu, na ile jojo isiyo na sukari yenye zailitoli (kitu cha kuleta utamu badala ya sukari), vyote ni sumu kwa mbwa, na kiasi kidogo cha zailitoli chatosha kushusha sukari ya damu yake vibaya. Tulikuwa na sanduku moja la chakula, na usiku lililala garini.

Alfajiri moja kule ziwani binti aliniamsha kwenda haja. Mbingu ilikuwa safi, na Kilimia kimeshapanda. Nikampandisha begani, nikamwonyesha. Alihesabu nyota sita, akabisha kwamba ni saba. Nilimwambia mwanga ule uliondoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita. Akauliza kama bibi alikuwa amezaliwa. Nikamwambia hata bibi yake bibi alikuwa bado. Akauliza kama mbwa walikuwepo. Mbwa walikuwepo, nikamwambia, wanaishi na watu tangu zamani sana, zaidi ya miaka 14,000. Jibu hilo lilimridhisha, tukarudi kulala.

Nyumbani kazi haikuisha. Hema tulilitandaza na kulianika hadi mishono yake ikakauka, maana likikunjwa na unyevu kidogo tu huota ukungu na kuoza. Blanketi la Popi lilifuliwa mara mbili. Binti alilala mchana kutwa, na Popi pembeni yake.

Nimeshaanza kupanga safari ijayo, na kuna kitu nitakibadilisha: tutahama mara chache. Kila tulipokaa kambi moja kwa muda, ilikuwa siku ya pili ndipo hao wawili walipoanza kula vizuri na kucheza; siku ya kwanza huwa wanapima mahali tu. Kwa hiyo tutachagua kambi mbili badala ya nyingi, moja iwe na maji ya kina kifupi, na hema lenye kibaraza kipana kinachomtosha mbwa mmoja aliyelowa na mtoto mmoja mwenye tochi.