Siku moja na bajaji yangu Lindi, maji yakiwa bamvua

Saa 11 alfajiri. Kabla sijawasha bajaji nachungulia bahari kwanza. Wenzangu kijiweni wananicheka, eti mimi ni mvuvi niliyekosea kazi. Wacheke. Abiria wa kila siku anataka kufika tu, lakini mgeni aliyekuja na watoto anataka kucheza, na hapa kwetu mchezo wote unapangwa na maji. Leo mwezi umetimia, kwa hiyo ni bamvua: saa 4 asubuhi maji yatakuwa yamekupwa mbali kabisa, saa 10 jioni yatakuwa yamejaa tele. Ukigeuza ratiba, mtoto anakwenda kuogelea anakuta tope.

Saa 1 nipo mlangoni gesti. Familia imetoka Nachingwea: baba, mama, bibi na watoto wawili. Baba ananiambia mapema kwamba wana siku moja tu, kesho mikorosho inasubiri salfa. Kina mama na watoto nyuma, mdogo mapajani kwa bibi yake, baba pembeni yangu nusu kiti. (Trafiki akisoma hapa naomba awe ameshashiba.)

Tulinunua vitumbua njiani, saa 2 na nusu tukawa ufukweni. Yule mdogo akatazama, akatazama tena, akanigeukia: "Mjomba, bahari iko wapi?"

Alikuwa na haki. Tangu Nachingwea ameahidiwa bahari, na mbele yake kuna tope, mchanga na ngalawa zimelala ubavu. Nikawaambia wavue viatu. Dada yake akabisha, hatua ya kumi ndala moja ikamezwa na tope, na mpaka ninaandika haijaonekana. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena bahari iko wapi. Kaa walikuwa wanakimbilia mashimoni, na mbele kabisa akina mama wenye vijiti walikuwa wanachokoachokoa mapango ya pweza. Mmoja akawaita watoto waje waone anavyomvuta. Bibi akamwambia, "Dada, huyo mnamla kweli?" Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mikono.

Watoto waliokota kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota na miguu mitano. Nikawaambia mkitazame, mkiguse taratibu, kisha mkirudishe kwenye maji. Wakaitika, "Ndiyo mjomba."

Saa 4 na nusu nikawatoa. Bamvua inaporudi haisubiri mtu amalize kupiga picha.

Saa 5 mpaka saa 8 walivuka kwenda Kitunda, ng'ambo ya mdomo wa mto Lukuledi, kuona mikoko na kunywa madafu. Mimi nilibaki upande wa mjini, nikapiga tripu tatu fupi, nikala wali samaki, nikasinzia kidogo kitini.

Saa 9 tukaenda ufukwe wa Rasbura. Sasa bahari ipo, imejaa, na mdogo anaiogopa! Masharti yangu ni mawili: mtoto asipite maji ya kiuno chake, na mkubwa mmoja awe ndani ya maji pamoja nao, si kivulini na simu. Nilidhani atakayeingia ni baba. Aliyeingia ni bibi, na khanga yake, akakaa kwenye maji kama aliyekaa barazani kwake. Mdogo alipoona hivyo akamfuata. Kuwatoa ilituchukua saa nzima.

Saa 11 jioni ilikuwa zamu ya kupanda kilima cha Mtanda. Hapo bajaji yangu husema ukweli. Gia ya kwanza, moshi, halafu ikagoma. Wote wakashuka isipokuwa bibi, baba akasukuma kidogo. Juu tukageuka: mabati ya mji chini, minazi, na ghuba nzima imejaa maji.

Kila nikipandisha watoto pale nawasimulia mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa kale. Kilima chenyewe cha Tendaguru si safari ya bajaji, lakini ghuba ile ndiyo njia aliyopita. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walisimamia uchimbaji. Waliochimba na kubeba ni watu wa huku. Mifupa ilishuka kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini hapa, ikapakiwa melini. Leo mkubwa wao amesimamishwa makumbusho ya Berlin, kimo mita 13 na ushee.

"Na mkia nao waliubeba?" akauliza mdogo.

"Nao."

Baba hakuuliza kitu. Alikuwa anaitazama bandari.

Kisha jua likazama nyuma yetu, upande wa kwao, na mbele mwezi ukachomoza kutoka baharini, mkubwa, mwekundu. Ndiyo faida ya kuja siku ya mwezi mpevu: unageuza shingo tu. Mama alipiga picha moja, akaweka simu mfukoni.

Saa 2 usiku nimeshawarudisha gesti, hesabu ya bosi imetimia na mafuta ya kesho yapo. Naosha bajaji kwa maji baridi, maana chumvi inakula bodi. Chini ya kiti cha nyuma nikanusa kitu. Nikapapasa: ndala moja ya kulia, na ndani yake, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti la vitumbua, kiti cha pweza.

Kilikuwa kimeshakauka. Nikakipeleka ufukweni hivyo hivyo. Maji yalikuwa yameshatoka mbali tena.